UZI: Hati ya zamani ya nyumba au shamba – soma mafungu kabla ya majina

Dhiraa Saba (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa hati za Pwani: Lamu, Malindi, Mombasa, Tanga, Bagamoyo, Unguja na Pemba, zilizoandikwa tuseme kati ya 1860 na 1940. Hati za bara zina mambo yake, zianzishiwe uzi wake.

Mtu akipata hati ya babu hukimbilia majina. Majina ndiyo yanayopoteza watu. Akina Mohamed bin Ali unaweza kuwapata kumi ndani ya mtaa mmoja, wote wana nyumba ya mawe na wote wamekufa. Kinachobeba nasaba ni vitu vitatu ambavyo mwandishi aliviweka ili mauzo yasimame mbele ya kadhi: muuzaji amepataje mali, anamiliki mafungu mangapi, na jirani wa kila upande ni nani. Mwandishi hakuwa akitunga historia ya ukoo, ndiyo maana maneno yake yana uzito.

Kwanza hati yenyewe, kwa sababu nyingi huharibiwa wiki ile ile zinapopatikana:

– Usiilazimishe kufunguka. Karatasi iliyokunjwa miaka 80 hukatikia kwenye mkunjo. Iache mezani usiku mmoja, kivulini, mbali na kiyoyozi. Hewa ya Pwani yenyewe italainisha mkunjo.
– Usiipeleke kulaminishwa, na usibandike selotepu. Ule moto na plastiki havirudi nyuma, na mhuri uliofunikwa hauchunguziki tena.
– Pini yenye kutu usiivute. Pitisha kipande chembamba cha plastiki kati ya pini na karatasi, ulegeze pole pole.
– Piga picha nne: uso, mgongo, mwanga ukitoka ubavuni, na karatasi ikiwa mbele ya dirisha ili alama ya maji ya kiwanda ionekane. Ukiwa na skana, nukta 600 kwa inchi zinatosha.

Msisahau mgongo. Uso una mauziano ya siku moja, lakini mgongoni huwa kuna miaka thelathini ya usajili, rehani, kufunguliwa kwa rehani na mikono ya watu wengine.

---

Karani wa Forodha

Naongezea kwenye picha. Wino wa kahawia uliofifia: fungua picha kwenye programu yoyote ya kuhariri, tenganisha rangi tatu, tazama mkondo wa buluu peke yake. Wino wa kahawia huiva ukawa mweusi pale. Mhuri mwekundu ukiwa umekaa juu ya maandishi, fanya kinyume: tazama mkondo mwekundu, mhuri utapauka na maandishi yabaki. Kama bado hayaonekani, taa ya urujuanimno ya nanomita 365 kwenye chumba chenye giza husaidia sana kwa wino wa chuma. Dakika chache tu, usiiache hati chini ya taa.

Sasa tarakimu, maana hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kwenye tarakimu za Kiarabu duara ٥ ni TANO. Sifuri ni nukta tu: ٠. Mtu aliyezoea tarakimu za kizungu anasoma ١٣١٥ kama 1310 na kupoteza miaka mitano. Halafu ٢ na ٣ kwenye mwandiko wa haraka hutofautiana kwa jino moja. Bahati nzuri waandishi wengi waliandika pia kwa maneno, kwa hiyo tafuta neno kabla hujaamini tarakimu. Kwenye bei ni hivyo hivyo: wengi huandika bei nzima, kisha nusu yake, ili mtu asiongeze sifuri baadaye. Ukiona "reale mia mbili, nusu yake mia", hizo si bei mbili.

---

Bint Shangani

Na kugeuza mwaka? Kuna watu wanatoa 579 tu, sijui wameipata wapi.

---

Karani wa Forodha

Hiyo 579 ni tofauti ya miaka ya karibuni, usiitumie kwa karne ya 19. Kanuni ya haraka: mwaka wa Hijria, toa sehemu yake moja ya 33, jumlisha 622. Mfano 1318: gawa kwa 33 upate karibu 40, 1318 toa 40 ni 1278, jumlisha 622 ni 1900. Na kweli 1 Muharram 1318 ilikuwa Mei 1900. Lakini mwaka wa Hijria hukaa juu ya miaka miwili ya Kizungu, kwa hiyo mwezi ni lazima: Shaabani 1318 bado ni 1900, ila Dhulhija imeshaingia 1901.

Kwa tarehe kamili tumia kigeuzi cha intaneti, kisha linganisha na siku ya juma iliyoandikwa kwenye hati. Vigeuzi hukosea siku moja au mbili kwa sababu mwezi uliandama kwa macho, si kwa hesabu. Siku ya juma ikitofautiana kwa moja, shikilia siku ya juma ya hati. Ikitofautiana kwa nne, rudi kwenye tarakimu, umesoma vibaya.

---

Dhiraa Saba

Sasa mafungu. Natoa mfano wa kutunga ili nisitaje ukoo wa mtu, lakini hesabu ni ile ile ya makadhi.

Hati inasema: *Mwana Fulani binti Fulani ameuza fungu lake, nalo ni mafungu 7 katika mafungu 48 ya nyumba, alilorithi kwa baba yake.*

Wengi wanairuka sentensi hii. Mimi naanzia hapa. 48 imetoka wapi? Mke mwenye watoto hupata thumuni, moja ya nane. Inabaki saba ya nane kwa watoto, mwanamume mara mbili ya mwanamke. Ili saba ya nane ya nyumba igawanyike mpaka msichana apate 7 katika 48, jumla ya hisa za watoto lazima iwe sita. Kwa hiyo marehemu aliacha mke, na watoto ambao hisa zao ni sita: wavulana wawili na wasichana wawili (2+2+1+1), au mvulana mmoja na wasichana wanne (2+1+1+1+1). Msichana mmoja hawezi kufika sita kwa jinsi yoyote, kwa sababu wavulana daima huongeza kwa mbili.

Yaani sentensi moja ya mauzo imekwambia: babu alikufa akiwa na mke hai, na binti yule alikuwa na angalau dada mmoja na kaka mmoja. Bado hujasoma jina hata moja.

Tuchukue ule wa wavulana wawili. Mgao mzima: mke 6, kila mvulana 14, kila msichana 7. Jumlisha: 6+14+14+7+7 = 48. Jumla ikikataa kufika, kuna mrithi hujamwona.

---

Mwanafunzi wa Faraidhi

Sahihi, na hapo hapo waangalie wake wawili. Wake hugawana thumuni ile ile, haiongezeki. Ukikuta mafungu 3 katika 48 yametajwa mara mbili, au mjane anauza 3 badala ya 6, basi kulikuwa na wajane wawili. Familia nyingi hazina habari ya bibi wa pili, ila karatasi ina habari yake.

Lakini utamu uko kwenye munasakha, yaani mrithi akifa kabla mali haijagawanywa. Tuendelee na mfano wa mkuu, mke mmoja. Msichana mmoja anakufa, ameacha mume na mtoto wa kiume. Fungu lake la 7/48 linagawanywa upya:

*Kama yule mjane ni mama yake mzazi na yuko hai:* mama sudusi (moja ya sita), mume robo, kinachobaki kwa mtoto. Nyumba nzima sasa inahesabiwa kwa mafungu 576. Mama anaongezewa 14, mume 21, mtoto 49. Mama akijumlisha na yake ya mwanzo ana 86.

*Kama yule mjane ni mama wa kambo, na mama mzazi alishafariki:* hapati kitu kwa binti huyu. Mume robo, mtoto robo tatu. Nyumba inahesabiwa kwa 192 tu. Mume 7, mtoto 21, mjane anabaki na 24 yake.

Kwa hiyo kama hati ya pili inasema "katika mafungu 192", mjane yule hakumzaa marehemu. Hakuna aliyeandika neno "mama wa kambo" popote. Limeandikwa na hesabu.

Na wakiwa wajane wawili, kila mmoja anaanza na 36 katika 576. Binti akifa, mmoja anafika 50 na mwingine anabaki 36. Mwenye 50 ndiye mama mzazi.

---

Bint Shangani

Nimesoma mara tatu. Swali: kama hakuna thumuni kabisa? Mfano mali ya mwanamume imegawanywa kwa watoto tu, mafungu 6 matupu.

---

Mwanafunzi wa Faraidhi

Kuna njia tatu. Mke alikufa kabla ya mume. Au walishaachana na eda imekwisha. Au mama wa watoto alikuwa suria. Suria harithi, lakini watoto wake ni huru, wana nasaba ya baba na wanarithi sawa na watoto wa mke. Hati haitawatofautisha ndugu hao hata kidogo, wote ni "bin Fulani". Usiamue kwa hati moja. Tafuta hati nyingine ya ukoo ule ambamo mtoto mmoja amekufa, utazame kama kuna sudusi ya mama, na kama mama ana jina la baba yake.

---

Mtoto wa Kibokoni

Mnasahau kitu. Hesabu hiyo ni ya Sunni na Ibadhi. Ukiisoma hati ya Ithnaasheri au Bohora, ambao ni Shia, kwa kanuni ya Shafi, yaani ya Sunni wa Pwani, utazua ndugu hewa. Mfano mwepesi: mtu ameacha binti mmoja na kaka yake. Kwa Shafi binti nusu, kaka wa marehemu nusu. Kwa Shia binti anachukua yote, kaka hana kitu. Sasa mtu anaona binti ana nyumba nzima anasema "basi baba hakuwa na ndugu". Alikuwa nao, pengine saba.

Kwa hiyo kabla ya hesabu, tafuta dhehebu: nisba ya jina (sehemu inayotaja ukoo au mahali), kadhi aliyetia mhuri, msikiti au wakfu uliotajwa kwenye mipaka.

---

Dhiraa Saba

Asante, hilo lilipaswa kuwa juu kabisa.

Na kuna fungu moja jingine ambalo watu hawapendi kuliongelea. Mara nyingine nusu ya nyumba inashikwa na mtu asiye na udugu wowote na marehemu, naye hakununua. Kwa Shafi, mtumwa aliyeachwa huru akifa bila mtoto wa kiume wala ndugu wa kiume wa upande wa baba, aliyemwacha huru, au jamaa zake wa kiume, huchukua kilichobaki. Akiacha binti mmoja: binti nusu, nusu ya pili kwa ukoo wa bwana wa zamani. Hiyo ndiyo walaa. Ukikuta mgao wa nusu kwa nusu kati ya binti na mtu wa nisba nyingine kabisa, chunguza hapo. Kwenye majina neno litakuwa *khadimu wa fulani* au *atiki wa fulani*, na kizazi kinachofuata neno lenyewe hutoweka. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar 1897, Pwani ya Kenya 1907, Tanganyika 1922, lakini hesabu za walaa ziliendelea kwenye mirathi baada ya tarehe hizo. Jina kama Mabruki au Feruzi peke yake halithibitishi kitu, msimbandike mtu.

---

Suheli

Nije kwenye mipaka, ndiyo kazi yangu.

Hati ya Pwani haina ramani. Ina pande nne na majirani wanne. Kaskazini utaisoma *kibla*, kusini *suheli* (ile nyota), mashariki *matlai*, magharibi *maghribi*. Kibla ni kaskazini kwa sababu Mombasa na Makka ziko karibu kabisa kwenye longitudo moja, na Unguja haiko mbali nayo. Jamaa walioko Muscat wakitumiwa picha ya hati ya Unguja wanaigeuza nyumba, kwa sababu kwao kibla ni magharibi. Shamba linahama robo duara, na jirani wa baharini anakuwa jirani wa barabarani.

Chukua karatasi, chora mraba, andika majirani wanne. Kisha tafuta hati za majirani hao. Kama A anasema "suheli ni nyumba ya B", hati ya B lazima iseme "kibla ni nyumba ya A". Ukipata tatu au nne zinazoshikana hivyo unapata mtaa mzima, na utaona kitu: majirani wengi ni ndugu. Kiwanja cha babu mmoja kimekatwa vipande kwa warithi, kila mmoja akajenga. Nyumba mbili zikishiriki ukuta na hati ikasema "ukuta ni wa wote wawili", mara nyingi ilikuwa nyumba moja. Ikisema "ukuta ni wa hii nyumba", jirani alikuja baadaye na kuegemea.

Vipimo: dhiraa ni mkono, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole, chukua karibu sentimita 46. Pima ni mikono minne. Usihesabu kwa desimali, mikono ya watu haikuwa sawa. Mashamba mengi hayana kipimo cha ardhi kabisa, yana idadi ya miti: minazi kadhaa, mikarafuu kadhaa.

---

Mtoto wa Kibokoni

Na miti si ardhi! Mtu anaweza kumiliki minazi 60 kwenye ardhi ya mwingine. Mombasa ni vivyo hivyo kwa nyumba: nyumba bila ardhi. Mwenye nyumba anaiuza, anairithisha, anaiweka rehani, lakini kila mwezi analipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi. Soma kitu kilichouzwa neno kwa neno. "Nyumba na kiwanja chake" ni tofauti na "nyumba iliyo juu ya kiwanja cha fulani". Kesi ngapi zimeanza kwa sababu wajukuu hawakusoma maneno hayo.

---

Karani wa Forodha

Na si kila "ameuza" ni ameuza. Kuna *bei khiyari*. Muuzaji anapokea pesa, anauza nyumba, ila ana hiari ya kuirudisha akilipa kiasi kile kile ndani ya muda, tuseme miaka mitatu. Mara moja hapo hapo anaipanga nyumba ile ile kwa mnunuzi na kulipa kodi. Kwa maneno mengine ni mkopo, kodi ndiyo faida yake, na umbo la mauzo limetumika kukwepa riba. Wafanyabiashara wengi wa Kihindi wa Unguja na Mombasa walikopesha hivi.

Dalili zake: bei ndogo kuliko nyumba jirani, neno *khiyari* au muda uliotajwa, hati ya pili ya kodi yenye tarehe ile ile au siku inayofuata, mgongoni maandishi ya Kigujarati. Basi ile hadithi ya nyumbani kwamba "babu aliuza nyumba kwa reale 150, akala pesa" mara nyingi si kweli. Alikopa 150 juu ya nyumba. Swali ni kama aliikomboa, na jibu liko mgongoni au kwenye kitabu cha usajili, si usoni.

---

Bint Shangani

Ya kwangu fupi: fuateni wanawake. Mwanamke wa Pwani akiolewa habadili jina. Mwana Khadija binti Salim ni binti Salim mpaka kaburini. Na mali yake ni yake, mume hana mkono ndani. Kwa hiyo hati ya bibi inakupa jina la babu wa upande wa mama, kitu ambacho hati kumi za wanaume hazikupi. Kama mwanamke ameuza kupitia wakili, soma wakili ni nani: kwa kawaida ni kaka, mtoto wa kiume au mume, na hati hutaja uhusiano.

---

Suheli

Kweli. Na nisba ziongezeni kwenye daftari. Mombasa, mtu akiandikwa wa Kilindini, Tangana au Changamwe ni wa Thelatha Taifa, yale makundi matatu ya Waswahili wa mji. Mvita, Jomvu, Kilifi, Mtwapa, Pate, Faza, Shaka, Bajuni na Katwa ni Tisa Taifa, makundi tisa mengine. Mwandishi mmoja anaweza kuiandika na mwingine akaiacha kwa mtu yule yule, kwa hiyo kukosekana kwa nisba hakumaanishi kitu.

Kingine, kama hati ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: herufi moja hubeba b na p, nyingine f na v, na g mara nyingi huandikwa kama gh. Jina la mahali "Pangani" litasomeka "Banghani". Lisome kwa sauti, masikio yatatambua kabla ya macho.

---

Mkata Mikoko

Wakuu, mimi nina wasiwasi na hati bandia. Zinazunguka sana, dalali anakuja na karatasi ya njano amepaka chai. Kuna njia ya haraka ya kuikamata?

---

Karani wa Forodha

Pesa na majina ya serikali. Bandia nyingi huanguka hapo kabla hujafika kwenye wino.

Reale za Maria Theresa na rupia ndizo pesa za karne ya 19. Kenya na Tanganyika shilingi ya Afrika Mashariki imeanza 1921 na kuendelea. Hati ya Mombasa ya 1915 yenye bei kwa shilingi ina maswali ya kujibu. Unguja ilibaki na rupia mpaka 1936, ndipo rupia moja ikabadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Kwa hiyo hati ya Unguja ya 1930 yenye rupia ni sawa kabisa, usiitupe.

Tanganyika ya Mjerumani: rupia ilikuwa na pesa 64 mpaka 1904, baada ya hapo heller 100. Hati ya Tanga "1898" yenye heller ni ya uongo.

Majina: "East Africa Protectorate" ni 1895 hadi 1920. "Kenya Colony" haipo kabla ya 1920. "Tanganyika Territory" haipo chini ya Mjerumani. Stempu ya ushuru yenye sura ya Edward VII haiwezi kuwa kabla ya 1901, na ya George V haiwezi kuwa kabla ya 1910. Stempu ikiwa ni mpya kuliko tarehe, usiseme bandia mara moja: huenda mauzo yalikuwa ya zamani na usajili ukafanywa baadaye. Ila stempu na mhuri wa kufutia vipandane: mhuri ukianza kwenye stempu uendelee kwenye karatasi bila kukatika.

---

Mkata Mikoko

Na nikitaka kuthibitisha kwenye vitabu, naenda wapi?

---

Mtoto wa Kibokoni

Kwa Pwani ya Kenya, mwaka wa kushika ni 1908. Sheria ya Hati za Ardhi ya mwaka ule ilimtaka kila mwenye ardhi kwenye ukanda wa maili kumi apeleke dai kwa afisa aliyeitwa Recorder of Titles. Waliothibitisha walipewa cheti. Ardhi ambayo hakuna aliyeidai ilihesabiwa ya serikali ya kikoloni. Hati yako ya Kiarabu ya 1890 ilikuwa ushahidi wa dai, haikuwa dai lenyewe. Swali la kwanza siku zote: je, kuna mtu wa familia alipeleka dai?

Kama alipeleka, furahi, kwa sababu ili kuthibitisha ilibidi aeleze amerithi kwa nani. Nasaba mara nyingi iko kwenye ushahidi wa dai kuliko kwenye cheti. Ukiwa na namba ya kiwanja na seksheni, au namba inayoanza na CR, anzia msajili wa ardhi Mombasa kwa utafutaji rasmi. Faili za zamani zaidi ulizia Nyaraka za Taifa, Nairobi. Namba nyingi zimebadilishwa kuwa za bloku, kwa hiyo omba wakuoneshe namba ya zamani na mpya pamoja.

Mirathi za Waislamu tazama pia mahakama ya kadhi. Faili la mirathi lina orodha ya warithi, na hapo unalinganisha na mafungu.

---

Bint Shangani

Unguja anzia Taasisi ya Nyaraka na Kumbukumbu, Kilimani. Nenda na mwaka, jina kamili la muuzaji NA mnunuzi, na namba ya usajili kama iko mgongoni. Ukienda na "nyumba ya babu Mji Mkongwe" utarudi mikono mitupu. Kama neno *wakfu* limo, nenda pia Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Wakfu wa kizazi ni dhahabu: mwenye kuweka alitaja watoto wake, wa kike na wa kiume, na watoto wao, na ukoo ukimalizika mali iende kwa nani. Ukiona mtoto mmoja hakutajwa, soma tarehe kwanza, huenda alikuwa hajazaliwa.

---

Mkata Mikoko

Basi nikithibitisha yote, nyumba inarudi?

---

Mtoto wa Kibokoni

Hapana, na tusidanganyane. Nasaba ni jambo moja na madai ni jingine. Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilitaifishwa na nyumba nyingi zikachukuliwa. Sheria ya umiliki wa ardhi ya 1992 imejengwa juu ya ardhi ya umma. Tanganyika, umiliki wa milele ulifutwa 1963 ukawa mkataba wa miaka 99, na 1969 ukageuzwa haki ya kumiliki chini ya serikali. Kenya na Tanzania Bara zote, kudai ardhi kuna ukomo wa miaka 12. Kuna mambo ya pembeni kwenye kila moja, kwa hiyo wakili kwanza, dalali asikaribie. Na usimpe mtu hati halisi, mpe nakala.

---

Mkata Mikoko

Nimeelewa. La mwisho: hati ni ya 1894 kwa Hijria niliyoigeuza, lakini mgongoni kuna mstari wa Kigujarati wenye 1950. Imeandikwa tena miaka hamsini baadaye?

---

Karani wa Forodha

Hapana, huo ni mwaka wa Samvat, kalenda ya Kihindi. Toa 56, au 57 kama ni kati ya Diwali na Desemba. 1950 toa 56 ni 1894, imelingana na uso. Piga picha mstari wote, si tarakimu peke yake, na uweke hapa. Kama ni bei khiyari, pesa zilizolipwa zitakuwa zimeandikwa baada ya mwaka.